Kitanzi Shingoni mwa Shujaa: Kumbukumbu, Barakoa na Haki katika Tamthilia ya Watchmen



Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2019, kituo cha televisheni cha HBO nchini Marekani kilirusha sehemu ya kwanza ya tamthilia iitwayo Watchmen. Watu walikaa mkao wa kuwaona mashujaa wa katuni: mavazi ya kubana, barakoa, ngumi na vishindo. Walichoonyeshwa kwanza ni mji unaoungua. Watu Weusi wanapigwa risasi barabarani, ndege zinapita chini juu ya mapaa, baba na mama wanakimbia wakimkokota mtoto wao. Kwenye skrini yakatokea maandishi mafupi: Tulsa, 1921. Watazamaji wengi, Wamarekani wakiwamo, walidhani ni jambo la kubuni kama mengine yote ya katuni. Halikuwa la kubuni.

Nimeombwa nizungumzie uwakilishi katika tamthilia za mashujaa. Mara nyingi mada hii huishia kwenye hesabu: Weusi ni wangapi, wanawake ni wangapi, jina la nani limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Siidharau hesabu hiyo, kwani wahenga walikwisha kusema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Lakini kuna mtu anayekuwapo na bado lake halipo. Anapewa vazi, anapewa nguvu za ajabu, kisha anatumwa kupigania kumbukumbu za watu wengine. Kwa hiyo leo nitauliza swali moja: hadithi ya shujaa inaanzia kwenye kumbukumbu ya nani? Mwenye kushika mwanzo wa hadithi ndiye anayeamua jeraha lipi lihesabiwe kuwa jeraha, na haki ipi ihesabiwe kuwa haki. Watchmen imelishughulikia swali hilo kwa kina kuliko tamthilia nyingine yoyote ya aina yake niijuayo, na hata pale ilipopungukiwa ina la kutufundisha.

Greenwood

Tuanze na yaliyotokea kweli. Greenwood ulikuwa mtaa wa Wamarekani Weusi katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma. Sheria za ubaguzi ziliwazuia kuishi na kufanya biashara walikotaka, nao wakajenga vyao: hoteli, maduka, magazeti, makanisa, ofisi za madaktari na mawakili, na jumba la sinema la Dreamland lililomilikiwa na Loula Williams na mumewe John.

Tarehe 30 Mei 1921, kijana mng'arisha viatu aitwaye Dick Rowland aliingia kwenye lifti ya jengo la Drexel, iliyokuwa ikiendeshwa na msichana wa Kizungu, Sarah Page. Ukelele ukasikika, naye akatuhumiwa kumshambulia. Kesho yake gazeti la Tulsa Tribune likaichochea habari hiyo, na ilipofika jioni umati wa Wazungu ulikuwa umejaa nje ya mahakama. Wanaume Weusi, baadhi yao askari waliopigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walikwenda na silaha kuhakikisha kijana hanyongwi bila hukumu. Risasi ikalia. Usiku kucha, na asubuhi ya tarehe 1 Juni, Greenwood ikavamiwa, ikaporwa na kutiwa moto. Maofisa wa mji waliwapa baadhi ya Wazungu wale mamlaka ya kipolisi na silaha. Vitalu 35 vya mji vikawa majivu. Shirika la Red Cross lilihesabu nyumba 1,256 zilizoungua. Waliouawa wanakadiriwa kufikia 300. Kesi ya Rowland ilifutwa. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, na kampuni za bima zilikataa kulipa kwa kushikilia kifungu cha ghasia.

Kisha kikafuata kimya cha miongo mingi. Tume ya jimbo la Oklahoma iliundwa mwaka 1997, ikatoa ripoti yake mwaka 2001, lakini habari ile haikuvuka kwa nguvu mipaka ya jimbo. Damon Lindelof, muundaji wa tamthilia hii, ambaye ni Mzungu, ameeleza kwamba aliijua Tulsa kwa kusoma makala ya Ta-Nehisi Coates kuhusu fidia, iliyotoka mwaka 2014. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini. Mtu amesoma nchini mwake, amefanya kazi ya kusimulia hadithi za nchi yake, na mauaji makubwa kiasi hicho hakuwahi kuambiwa. Hali hiyo huletwa na watu wazima wanaoketi na kuchagua kipi kiingie kwenye kitabu cha shule na kipi kiachwe nje.

Mtoto aliyetolewa motoni

Sasa tuitazame sehemu ile ya kwanza kwa karibu. Mtoto wa kiume amekaa peke yake katika ukumbi wa Dreamland, mama yake anapiga piano kufuatisha picha isiyo na sauti. Kwenye pazia, mpanda farasi aliyejifunika kichwa kwa nguo nyeusi anamkimbiza sherifu aliyevaa nyeupe, anamnasa kwa kamba na kumwangusha mbele ya kanisa. Waumini wanatoka. Mpanda farasi anajifunua: ni Bass Reeves, mtu Mweusi, naye anafichua kwamba sherifu yule ndiye mwizi wa ng'ombe zao. Watu wanataka kumnyonga mwizi papo hapo. Reeves anakataa na kuwaambia waiamini sheria. Mtoto ukumbini ameyakariri maneno hayo, anayatamka pamoja naye.

Bass Reeves aliishi kweli. Alizaliwa utumwani mwaka 1838, na kuanzia mwaka 1875 alitumikia serikali ya Marekani akiwa naibu wa mashali katika maeneo ambayo leo ni Oklahoma. Filamu ile ya ukumbini ni ya kubuni, na ndani yake mtoto Mweusi wa mwaka 1921 anapewa shujaa aliyetoka katika historia yake mwenyewe. Dakika chache baadaye sheria anayoiamini inamgeuka. King'ora kinalia, baba anaingia akiwa amevaa sare ya jeshi, na wote wanatoka mbio. Mtoto anafichwa ndani ya sanduku kwenye gari la watu wanaokimbia. Mfukoni ana karatasi ambayo Wajerumani waliwarushia askari Weusi vitani, wakiwauliza wanaipigania nchi gani. Nyuma ya karatasi hiyo baba ameandika ombi fupi kwamba mtoto huyu atunzwe. Usiku mtoto anazinduka shambani, waliokuwa naye wamekufa, na kando yake analia kichanga aliyeviringishwa bendera ya Marekani.

Msomaji wa katuni anaitambua hadithi hii mara moja. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili waliozaliwa katika familia za wahamiaji wa Kiyahudi, walimtoa Superman: mtoto anayetumwa mbali na wazazi wake wakati sayari yao inaangamia. Watchmen imeishusha hadithi hiyo ardhini. Sayari iliyoangamia ni Greenwood. Tofauti iliyopo ni kubwa. Sayari ya Superman ililipuka yenyewe, na kwa hiyo shujaa hana wa kumdai. Anakuja kwetu akiwa mgeni mwema asiye na kisasi wala kesi. Greenwood ilichomwa na watu wenye majina, wengine wakiwa na beji vifuani. Mtoto aliyetoka humo anakua akiwa na dai. Jamii yoyote inayompokea shujaa wa namna hiyo inampokea pamoja na dai lake, na ndiyo maana mashujaa wa namna hiyo walichelewa sana kufika kwenye skrini.

Kitanzi

Mtoto yule anaitwa Will Reeves. Anajichagulia ukoo wa shujaa wake wa sinema, na mwaka 1938 anakuwa askari polisi New York. Maisha yake tunayaona katika sehemu ya sita, iliyoongozwa na Stephen Williams na kuandikwa na Lindelof pamoja na Cord Jefferson, mwandishi Mmarekani Mweusi. Karibu yote ni nyeusi na nyeupe, na kamera inapita kutoka chumba hadi chumba, kutoka mwaka hadi mwaka, bila kukatika, kama ndoto isiyo na mlango wa kutokea.

Will anamkamata Mzungu aliyechoma duka la chakula la Myahudi, anampeleka kituoni, na siku chache baadaye anamwona mtu yule yule mtaani, huru. Anauliza maswali. Askari wenzake watatu wanamvizia usiku, wanampiga, wanamfunika kichwa kwa gunia, wanamtia kitanzi na kumtundika mtini. Kabla roho haijatoka wanaikata kamba na kumwonya aache kuingilia mambo ya Wazungu. Anatembea kwenda nyumbani, kamba bado inaning'inia shingoni, gunia mkononi. Njiani anasikia vilio: wahuni wamewavamia mume na mke. Anatoboa matundu mawili ya macho katika gunia lile, analivaa, na kuingia.

Ndivyo anavyozaliwa Hooded Justice, shujaa wa kwanza wa barakoa katika ulimwengu wa Watchmen. Katika kitabu cha katuni cha asili, kilichotungwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons kati ya mwaka 1986 na 1987, mtu huyu hafunuliwi uso. Anaonekana amejifunika kichwa, kitanzi shingoni, na wasomaji kwa zaidi ya miaka thelathini walimchukulia kuwa Mzungu. Wengi hawakujiuliza kwa nini mtu avae kitanzi. Tamthilia ikauliza, na jibu likatoka kwenye historia ya Marekani moja kwa moja: huvaa kitanzi mtu aliyewahi kutiwa kitanzi. Waandishi hawakubadilisha mstari hata mmoja wa kitabu. Walisoma kilichokuwa kimechorwa, kwa macho ya watu ambao kwao kamba ile ina maana.

Lakini ushindi huo una bei. Mkewe June anamwambia kwamba akitaka kuendelea, watu lazima waamini kwamba chini ya gunia kuna mwenzao. Kwa hiyo kila usiku Will anajipaka rangi nyeupe kuzunguka macho. Anaokoa mji usiomtaka, kwa sharti kwamba mji usijue ni nani aliyeuokoa. Kundi la mashujaa la Minutemen linamkaribisha, na anapowaomba msaada dhidi ya njama ya wabaguzi inayowaua Weusi wa Harlem, wanamwambia hilo halihusiani na kazi yao. Kisha inafika siku anamkuta mwanawe mdogo mbele ya kioo, amevaa kitanzi, anajipaka rangi ile nyeupe kama baba yake. Will anamfuta uso kwa hasira, mtoto analia. June anamchukua mtoto na kurudi Tulsa.

Naomba tukitazame kioo kile. Mtoto anamwiga shujaa wake, kama watoto wote wafanyavyo, na kumwiga shujaa kwake kunamaanisha kuufuta uso wake. Wengi wetu tumesoma vitabu vizima kuhusu madhara ya ubaguzi kwa watoto. Tukio lile la dakika moja linatosha.

Tamthilia ndani ya tamthilia

Watchmen ina jambo jingine la ustadi mkubwa. Wahusika wake nao wanatazama televisheni, na kipindi kinachovuma miongoni mwao kinahusu maisha ya Hooded Justice. Humo anaigizwa na Mzungu mrefu, mwenye misuli, na sehemu ya sita inaanza kwa kumwonyesha akivua gunia ili uso wake mweupe uonekane. Baada ya hapo tunaingia kwenye kumbukumbu za Will mwenyewe.

Kwa kuziweka picha hizo mbili bega kwa bega, waandishi wameonyesha jinsi uporaji wa kumbukumbu unavyofanyika. Hakuna aliyemkana shujaa. Wamempenda, wamempigia makofi, wamemtengenezea tamthilia ya gharama kubwa, na katika kumpenda huko wamemwondoa. Jamii inaweza kulisahau jambo huku ikilisimulia kila wiki. Kwa hiyo anayechunguza uwakilishi asiridhike kuona kwamba habari fulani inasimuliwa. Aangalie imesimuliwa na nani, na nani amepewa uso.

Angela na dawa ya kumbukumbu

Mhusika mkuu wa tamthilia ni mjukuu wa Will, Angela Abar, aliyeigizwa na Regina King. Ni askari wa Tulsa mwaka 2019. Katika Tulsa hiyo ya kubuni, polisi hujifunika nyuso kwa sababu wabaguzi waliwavamia majumbani mwao usiku wa mkesha wa Krismasi, mwaka 2016. Angela anavaa joho jeusi na kujiita Sister Night. Hamjui babu yake, wala hajui kwamba familia yake ilitoka kwenye moto wa Greenwood. Anayajua yote kwa kumeza vidonge vya Will vilivyotengenezwa kutokana na kumbukumbu, na katika sehemu ya sita tunamwona akisimama mahali pa babu yake: kwenye gwaride, mtini, ndani ya gunia.

Hapo ndipo hoja ya tamthilia inapokamilika. Mwishoni, katika ukumbi wa Dreamland, Will anamweleza mjukuu wake kwamba alipojifunika gunia alidhani anachohisi ni hasira, kumbe ilikuwa hofu na maumivu, na kwamba hakuna anayepona akiwa ndani ya barakoa. Kidonda kinahitaji hewa. Sisi tuna msemo wetu: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa miaka mingi hadithi za mashujaa zimetufundisha kwamba barakoa ni nguvu. Watchmen inasema barakoa ni dalili. Askari anaivaa kwa hofu, mbaguzi anaivaa kwa woga wa kuhukumiwa, Mweusi anaivaa kwa sababu uso wake hauruhusiwi. Jamii yenye haki isingemhitaji yeyote kati yao ajifunike.

Palipopungua

Nisingeitendea haki mada hii kama ningesifu tu. Mapungufu mawili yananiumiza.

La kwanza ni Vietnam. Katika ulimwengu wa Watchmen, Marekani ilishinda vita kwa msaada wa Doctor Manhattan, mtu wa buluu mwenye nguvu za kimungu, na Vietnam ikafanywa jimbo la 51. Angela alizaliwa Saigon. Wazazi wake waliuawa na Mvietnam aliyejilipua katika sherehe za ushindi huo. Tunayaona machozi ya Angela, na ni haki tuyaone. Wavietnam waliotekewa nchi yao wanabaki watu wa nyuma ya picha: wauza sanamu, washukiwa, umati. Mvietnam pekee mwenye nafasi kubwa, Lady Trieu, anaishia kuwa adui anayestahili kuangamizwa. Zaidi ya hapo, Doctor Manhattan, aliyewateketeza watu wale, anapewa mwili wa mwanamume Mweusi, Cal, mume mpole wa Angela, aliyeigizwa kwa ustadi na Yahya Abdul-Mateen II. Tamthilia inayojua vizuri maana ya mji kuchomwa kutoka angani ingepaswa kumuuliza mtu huyo kuhusu vijiji alivyovichoma. Haikumuuliza. Kumbukumbu ya kundi moja imeinuliwa kwa kusimama juu ya kumbukumbu ya wengine.

La pili ni polisi. Waandishi wanajua kwamba mwaka 1921 sheria ilikuwa upande wa wachomaji, na wanaonyesha kitanzi kikifungwa na mikono ya askari. Hata hivyo, Angela na wenzake wanavunja milango ya maskini na kuwatesa washukiwa kwenye vyumba vya siri, na kwa kuwa wanaoteswa ni wabaguzi, mtazamaji anaburudika. Will alikuwa na haki ya kukasirika. Mateso hayageuki kuwa haki kwa sababu anayetesa ana jeraha. Tamthilia inaligusa swali hilo na kulipita haraka.

Tunalopaswa kulidai

Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd aliuawa na askari polisi Minneapolis. Mwezi uliofuata, katika siku za kuadhimisha mwisho wa utumwa, HBO iliifungua Watchmen itazamwe bure. Septemba mwaka huo tamthilia ilitwaa tuzo 11 za Emmy, ya Regina King ikiwa mojawapo. Jina la Tulsa likaenea duniani.

Na wenyewe wa Tulsa? Katika tamthilia, serikali imewalipa fidia warithi wa Greenwood. Katika maisha halisi, Viola Fletcher, aliyekuwa na miaka 7 siku ya moto, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani mwaka 2021 akiwa na miaka 107 kueleza aliyoyaona. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Oklahoma ikaitupa kesi ya manusura waliosalia. Wachimbuaji katika makaburi ya Oaklawn wamekuwa wakitafuta waliozikwa bila majina, na mwaka 2024 mmoja wa waliozikwa humo, askari wa zamani C. L. Daniel, alitambuliwa. Juni 2025 Monroe Nichols, meya wa kwanza Mweusi wa Tulsa, alitangaza mpango wa mfuko wa dola milioni 105 kwa ajili ya Greenwood, ambao haukuwa na malipo ya moja kwa moja kwa manusura. Tamthilia haikuleta fidia. Ilichofanya ni kuondoa kisingizio cha kutojua, na hilo ni jambo zito, kwa sababu wanaodaiwa walikuwa wamekitumia kisingizio hicho kwa karne nzima.

Sisi watazamaji wa Kiswahili tumewapokea mashujaa wa Marekani tangu enzi za vibanda vya video, wakisimuliwa upya na madijei wetu kwa lugha yetu na vionjo vyetu. Hatujawahi kuwa watazamaji wa kumeza tu. Ninachoomba ni kwamba tuongeze masharti. Tukiona uso unaofanana na wetu kwenye skrini, tufurahi, kisha tuulize: mtu huyu anakumbuka nini? Nani alimuumiza, na je, hadithi inathubutu kumtaja? Na haki anayoipigania imejengwa juu ya kaburi la nani?

Kwa waandishi na watengenezaji filamu vijana waliomo ukumbini, maswali hayo ni kazi. Msianze kwa kutafuta shujaa wenu atavaa nini na ataruka vipi. Nendeni kwenye hifadhi za nyaraka, kaeni na wazee, someni ripoti za tume zilizoachwa kabatini, na jueni shujaa wenu ametoka katika moto gani. Mkishaujua, mwandikeni akiwa na uso wake, na wenye kuwasha moto wakiwa na nyuso zao.